Mchanga unabaki mlangoni, tope linashuka: jibu kwa fundi wa Bukavu

Swali limetoka kwa fundi mwashi wa Panzi, hapa Bukavu. Nalileta kwa ufupi: "Mchanga nanunua kwa vijana wanaochimba kwenye mdomo wa mto, njia ya Kalehe. Wao wanasema mchanga hauishi, kila mvua kubwa unazaliwa upya. Lakini nikitembea mita hamsini tu kutoka pale, mguu unazama kwenye tope jeusi linalonuka. Na huku mjini mvua ikinyesha mto Kahwa unashusha maji mekundu, ziwa Kivu linachafuka, halafu siku ya pili limekuwa safi kama hakuna kilichopita. Ule udongo wote unaenda wapi? Kwa nini mchanga uko kule na si huku? Ziwa halitajaa siku moja? Tena kuna kitu kinanitia wasiwasi: nyuma ya shimo la mchanga ardhi imepasuka, ufa mrefu unaofuata ufuo."

Fundi, umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, nami naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja. Huo ufa si wa kiangazi. Udongo ukikauka unapasuka ovyo, vipande vipande, huku na huku. Ufa mmoja mrefu, uliopinda kidogo, unaokwenda sambamba na maji, ni ardhi inayojiandaa kuondoka. Waambie vijana wahame pale leo, na kama kuna mama anayewapikia chai karibu na shimo, naye ahamishe jiko. Sababu nitaieleza, lakini haitaeleweka mpaka tuufuate udongo kutoka mlimani hadi chini ya ziwa, kwa hiyo nivumilie.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Tia konzi mbili za udongo kutoka pale unapojenga, jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu, simamisha juu ya meza, na usiondoke. Kabla hujahesabu hadi tano, vijiwe na mchanga mnene vimeshalala. Dakika moja au mbili, mchanga mwembamba umefuata. Utauona ukishuka kama pazia. Halafu mambo yanapoa ghafla. Lile tope laini, ambalo kidole hakilisikii lakini ukilitia mdomoni linakwaruza meno, linachukua robo saa, wakati mwingine saa kadhaa. Na mfinyanzi wenyewe, ule mwekundu, kesho asubuhi bado uko juu, maji yamefanana na kakao.

Chupa hiyo ndiyo ziwa lako, tofauti ni kina tu. Stokes, mwanafizikia, aliweka hesabu ya jambo hili mwaka 1851: kwa punje ndogo, upana ukizidi mara mbili, mwendo wa kushuka unazidi mara nne. Beseni la Bukavu, kile kipande cha kusini cha ziwa kinachotazamana na mji wetu, lina kina cha mita 100 hivi. Punje ya mchanga ya milimita moja inafika chini kwa dakika kumi na kitu. Mchanga mwembamba, wa sehemu moja ya kumi ya milimita, saa tatu na zaidi kidogo. Tope laini, siku tatu. Punje ya mfinyanzi, yenye upana wa sehemu moja ya mia tano ya milimita, ikiachwa ishuke peke yake inahitaji karibu mwaka mzima. Ikipelekwa beseni kuu la kaskazini, ambako kina kinafika mita 485, itasafiri karibu miaka minne kabla ya kulala.

Nimesema ikiachwa peke yake, na mara nyingi haiachwi. Maji ya Kivu yana chumvi, gramu moja na kitu kwa lita huku juu, na chumvi inafanya punje za mfinyanzi zishikane, ziwe kama mabonge ya pamba, zishuke haraka kuliko hesabu ya Stokes. Unaweza kulijaribu: chupa mbili, udongo mmoja, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya ziwa. Kwa kawaida ya ziwa ndiyo inatakata kwanza. Kuna pia wadudu wadogo wa majini wanaomeza uchafu pamoja na chakula chao na kuutoa kama vidonge vizito. Kwa hiyo usiichukue hesabu yangu kama saa ya ukutani. Ichukue kama mpangilio wa foleni: nani anatangulia, nani anafuata.

Kila kilicholala hivyo tunakiita mashapo, neno lile lile la kile kinachobaki chini ya chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mnywaji aliyezoea haitikisi chupa yake. Ziwa letu nalo huko chini halitikiswi, na jambo hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalolifanya Kivu liwe tofauti na maziwa mengi.

Tuje kwenye mchanga wenyewe. Vijana wako hawadanganyi wanaposema kila mvua unarudi. Wanakosea tu neno. Mchanga hauzaliwi mtoni, unahama. Ule unaoupenda kwa kupiga lipu, unaong'aa ukiuweka juani, ni kwarzi, na kwarzi lazima itoke kwenye jiwe lenye kwarzi: matale, mawe magumu ya kale, kama yale ya kisiwa cha Idjwi na sehemu za milima inayoukabili ufuo wa magharibi. Mawe hayo yakioza kwa mvua, kila kitu ndani yake kinageuka mfinyanzi isipokuwa kwarzi. Yenyewe haiozi, inabaki punje, inasubiri maji ya kuibeba.

Bukavu haina bahati hiyo. Mji wetu umekaa juu ya basalti, lava ya zamani sana, ya kabla ya volkeno ya Nyiragongo kuwepo. Basalti haina kwarzi. Ikioza inatoa udongo mwekundu unaonata, ule unaokuvua kiatu ukiteremka Kadutu siku ya mvua. Kahwa inaweza kushusha udongo usiku kucha, asubuhi hutapata karai moja ya mchanga safi. Utapata vipande vya lava, vipande vya matofali, na chupa za plastiki zisizo na idadi. Ndiyo maana unalipa kamio (lori) la kutoka mbali. Ndugu zetu wa Goma wana hadithi nyingine: kule mvua inazama ndani ya lava kama kwenye ungo, mito ya juu ya ardhi karibu haipo, na mchanga wao mweusi ni volkeno iliyosagika.

Sasa simama na wale vijana kwenye mdomo wa mto. Mto unabeba kwa mwendo wake tu. Umetoka mlimani, mita elfu na zaidi juu ya ufuo, umekuja unakimbia, umebeba hata mawe ya ukubwa wa kichwa. Unaingia ziwani, maji yaliyosimama yanaupokea, mwendo unakufa. Mawe yameachwa nyuma zamani, kwenye kitanda cha mto. Mchanga unaanguka palepale mlangoni, ndani ya hatua chache. Lakini hauangukii tambarare. Ingia maji ya magoti, piga hatua tatu kuelekea ziwani, na utasikia chini hakuna kitu. Pale kwenye ukingo mchanga unamwagika kama unavyomwagika ubavuni mwa lundo kamio linapoinua bodi: kila mzigo mpya unateleza juu ya ule wa jana, kwa mteremko uleule mkali ambao mchanga unaukubali, hauzidi hapo. Lundo linasogea mbele kuelekea ziwani, tabaka juu ya tabaka zote zimeinama, na juu yake mto unatandika zulia jembamba lililolala tambarare. Hiyo ndiyo delta ya ziwa lenye kingo kali. Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, aliieleza vizuri katika karne ya 19 alipochunguza Bonneville, ziwa kubwa la nyanda za juu za Utah lililokauka. Kwa kuwa maji yalikuwa yameondoka, aliweza kuziona delta zake zimekatwa ubavuni kama mkate. Sisi za kwetu bado ziko chini ya maji, lakini ni ndugu.

Na tope jeusi la mita hamsini pembeni? Pale mto haufiki, na mawimbi yamezuiliwa na ncha ya ardhi au na matete. Kinachotua ni kile tu kisicho na uzito: mfinyanzi, majani, mizizi iliyooza, kila kinachoelea kikachoka. Vitu hivyo vinapooza vinamaliza hewa yote ya ndani ya tope. Hewa ikiisha, vijidudu vinavyoishi bila hewa vinaendelea na kazi, vinatoa ile gesi inayonuka kama yai bovu, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo wetu mwekundu inakigeuza kuwa kitu cheusi. Udongo ni uleule uliokuwa mwekundu mlimani. Chota konzi moja ya tope hilo, liweke juu ya jiwe, urudi kesho: uso wake umeanza kurudi rangi ya kahawia.

Sasa swali ninalolipenda kuliko yote, lile la maji mekundu yanayopotea siku ya pili. Watu wengi wanajibu, "Udongo umetulia chini." Umeshaona kwenye chupa kwamba mfinyanzi hautulii usiku kucha hata kwenye maji ya chupa moja tu. Umeenda wapi basi? Siku mvua inapokatika, nenda juu kidogo ya mahali mto unapoingia, utazame maji. Utaona wekundu unaingia ziwani, unasonga mita kadhaa, halafu unaishia kwenye mstari, kama umekatwa kwa kisu: huku mekundu, huku ya kijani. Na juu ya mstari huo zimepangana chupa za plastiki, majani, vijiti, povu. Havisogei mbele wala havirudi nyuma hata kimoja. Mara ya kwanza nilipoambiwa nikautazame nilidhani ni upepo umezikusanya. Si upepo. Pale maji mekundu yanapiga mbizi. Yanaingia chini ya maji ya ziwa, na kila kinachoelea kinaachwa mlangoni kwa sababu hakiwezi kuyafuata.

Yanazama kwa sababu mbili. Maji ya mto yanatoka juu, ni ya baridi, na maji ya baridi ni mazito kuliko ya uso wa ziwa yaliyopata joto la digrii 23 au 24. Ziwa linajitetea kidogo kwa chumvi yake, maana chumvi nayo ni uzito. Mto wa kiangazi, ulio safi, karibu unalingana na ziwa na unaweza kutandaa juu juu. Lakini mvua ikija, mto unapata gramu mbili, tatu na zaidi za udongo katika kila lita. Hapo mizani inalala. Maji ya mto yanashuka yakiambaa sakafuni, yanafuata bonde kama ambavyo yangelifuata nchi kavu, na ubavu wa ziwa ukiwa mkali yanaongeza mwendo, yanachimbua tope la zamani, yanakuwa mazito zaidi. Mto unaendelea kutiririka chini ya ziwa, gizani, hakuna anayeuona. Ndivyo mchanga kidogo unavyofika mahali ambapo kwa hesabu ya Stokes usingefika kamwe.

Mto huo wa gizani una mwisho wake. Kadiri unavyomwaga mzigo ndivyo unavyopungua uzito, na kaskazini unakutana na ukuta. Ziwa Kivu halikuchanganyika: kwenye kina cha mita 250 hivi kuna mpaka, na chini yake maji yana chumvi nyingi zaidi, ndiyo hayo yaliyofunga metani na kaboni dayoksaidi ambayo kila mtu anaizungumzia. Maji ya mto yakifika mahali ambapo ya chini ni mazito kuliko yenyewe, yanaacha sakafu, yanatandaa katikati ya ziwa kama shuka, na udongo uliobaki unaanza kunyesha kutoka hapo, polepole, punje moja moja. Kwetu Bukavu hatuna kina hicho. Huku yanaishia sakafuni.

Nimewahi kushika bomba la mashapo lililochomolewa sakafuni mwa Kivu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: bomba la plastiki linashushwa kwa kamba, linajichoma topeni kwa uzito wake, linavutwa juu likiwa limeziba. Kinachoshangaza ni linapofika hewani. Tope linaanza kupumua. Gesi iliyokuwa imebanwa na maji inatanuka, tope linavimba kama unga wa mandazi, linasukuma kifuniko, na usipokuwa mwepesi sehemu ya juu inamwagika miguuni pako na harufu yake unakwenda nayo nyumbani. Ukisubiri litulie, ukalipasua bomba kwa urefu kama unavyopasua mwanzi, unaona mistari. Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mingine myembamba kuliko ukucha.

Mistari myeupe si udongo wa mlimani kabisa. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo unavuruga maji ya juu na kupandisha mbolea kutoka chini kidogo. Mwani wenye maganda ya kioo, unaoitwa diatomu, unapata karamu, unazaana kwa wingi, unakufa, maganda yanashuka. Ukiyatia kwenye hadubini ni kama visanduku vya kioo vilivyochongwa. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, inafuata mistari ya giza: mfinyanzi na mabaki ya majani. Kwa hiyo katikati ya ziwa, mbali na mito, sehemu kubwa ya mashapo ni ziwa lenyewe limejitapika. Mlima unachangia vumbi tu. Hili watu wa mjini hawalitegemei, wanadhani sakafu yote ni udongo wa Kadutu.

Mistari hiyo inabaki safi kwa sababu ya kile nilichosema juu ya chupa ya kasiksi. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kiangazi wala masika. Hakuna mnyoo, hakuna konokono, hakuna samaki wa kuchimbua tope. Kwenye ziwa la kawaida minyoo inalima sakafu na kuchanganya mwaka huu na wa juzi. Kivu inatunza kila ukurasa. Kwenye kurasa za juu kuna habari inayowagombanisha wataalamu mpaka leo: tangu miaka ya 1960 chokaa imeanza kulala sakafuni kwa wingi ambao kabla yake haukuwepo. Sambaza, wale samaki wadogo, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakala wadudu wadogo wa majini waliokuwa wakila mwani, na wengine wanasema mwani ulipoachwa huru ndio ulioileta chokaa hiyo. Wengine wanataja watu kuongezeka na udongo kulimwa hadi kwenye miteremko, wengine chemchemi za chini ya ziwa. Mimi siamini kwamba samaki mdogo kiasi hicho alifanya yote peke yake, ila namwona ndani ya kesi.

Litajaa? Tupige hesabu ya kifundi. Tuseme sakafu inapanda milimita moja kwa mwaka, kila mahali sawa. Kina cha wastani cha Kivu ni mita 240 hivi. Ni miaka 240,000. Beseni la Bukavu peke yake, miaka 100,000. Na hapo nimekupa hesabu ya mtu mwenye haraka, kwani tope la chini linabanwa na la juu, linapungua unene, halafu sakafu yenyewe inazama. Tuko kwenye bonde la ufa. Ardhi ya mashariki na ya magharibi zinaachana, katikati panadidimia. Chini ya Kivu mashapo yana unene wa mamia ya mita, na Tanganyika, ziwa la zamani zaidi, limeshameza kilomita kadhaa za mashapo na bado lina maji ya kina cha mita 1,470. Shimo linachimbwa huku linafukiwa. Kinachojaa ni ghuba ndogo. Ile ambayo baba yako aliogelea akiwa mtoto na leo watu wanapanda mboga, imejaa kweli, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kilichobadilisha Kivu kuliko udongo ni kimo cha maji. Zamani mabonde yetu yalitoa maji kaskazini, upande wa ziwa Edward na Nile. Volkeno za Virunga zikainuka, zikaziba njia, maji yakajaa nyuma yake. Tazama ramani ya Bukavu: zile rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole, na ghuba ndefu katikati yake, ni migongo na mabonde ya mito iliyozamishwa. Muhumba na Nguba ni vilima vilivyobaki na vichwa nje. Halafu enzi za ukame mkali maji yalishuka zaidi ya mita 300 chini ya kimo cha leo, mito ikajenga delta zake huko chini, na vyombo vinavyopima sakafu kwa sauti vimeukuta mchanga na fuo za zamani vimelala mahali ambapo leo ni giza tupu. Miaka kama 10,000 iliyopita maji yalipanda hadi yakapata mlango wa kusini, yakamwagikia mto Ruzizi. Mlango huo ndio leo unashika kimo cha ziwa karibu mita 1,460 juu ya bahari. Ukipita daraja la Ruzizi siku ambayo haijanyesha, tazama chini: maji yanayotoka ziwani ni safi, ya kijani. Ziwa limeshazuia mzigo wote. Uchafu Ruzizi inaupata baadaye, kwenye mitaro ya mji na maporomoko ya korongo lake.

Narudi kwenye ufa. Umeshajua kwamba lundo la mchanga limeegemea maji kwa mteremko mkali kabisa unaoweza kusimama. Juu yake kuna zulia jembamba ambalo watu wanalitembelea na kulijengea. Chini, tabaka zote zimeinama kuelekea ziwani, zimelowa, na baadhi yake zina tope laini katikati linaloteleza kama sabuni. Kinacholishikilia lundo ni mguu wake, ule mchanga wa ukingoni, ambao ndio vijana wako wanauchimba kwa sababu ni msafi na uko karibu na mtumbwi. Wanang'oa mguu wa ngazi huku wamesimama juu ya ngazi. Ufa ulio sambamba na ufuo ni kichwa cha poromoko: kipande chote kati ya ufa na maji kinaweza kuondoka kwa mara moja, chini ya maji, bila kishindo kikubwa, na wimbi linarudi ufuoni baada yake. Mvua kubwa inatosha kukisukuma. Tetemeko linatosha zaidi, na sisi tulilisikia la tarehe 3 Februari 2008.

Kuna jingine ambalo mtu wa Kivu Kusini hawezi kuliruka. Zile bapa za ardhi chini ya milima ya Kalehe, nzuri kwa soko na kwa mashamba, nazo ni mashapo. Milima imezijenga kwa siku chache mbaya katika karne nyingi, siku ambazo mto unashusha mawe, miti na tope kwa pamoja na kuutandaza mzigo wote pale mteremko unapoishia. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku moja ya aina hiyo, Bushushu na Nyamukubi, na waliokufa walizidi 400. Mto uliotulia kwenye mkondo mmoja leo unaweza kuchagua mwingine usiku mmoja, kwa sababu bapa yote ni kitanda chake. Ukiitwa kujenga pale, usitazame mto ulipo sasa. Chimba shimo la choo uone: ukikuta mawe makubwa yamechanganyika na tope bila mpangilio wowote, mto umeshapita chini ya miguu yako.

Kwa ufa wako, piga vigingi viwili, kimoja kila upande, hatua moja kutoka kwenye ufa, upime kati yake kwa mita yako ya mkononi asubuhi na jioni. Kama kuna nyumba karibu yenye ufa ukutani, paka sima (saruji) nyembamba juu yake, kama mnavyofanya kwenye ukuta unaoushuku, uandike tarehe. Sima ikikatika, ardhi inatembea na wenye nyumba waambiwe usiku huohuo. Vijana wakitaka mchanga wakachimbe juu, ndani ya kitanda cha mto, kwenye vilima vidogo vinavyobaki katikati baada ya mafuriko kupungua. Kule mto utawarudishia kwa mvua inayofuata, na hakuna kinachoegemea pale. Ni mbali zaidi kubeba, najua, na bei itapanda.

Na ule mchanga uliokwisha kuununua kwenye shimo lile, uangalie kabla ya kuuchanganya na sima, maana upande wa matete lazima umeshika tope. Chupa ni ileile: tia mchanga, maji, tikisa, acha saa tatu. Pima kwa vidole. Kama juu ya vidole kumi vya mchanga kuna zaidi ya kidole kimoja cha tope, uoshe kwanza. Na kama maji yamebaki meusi na yananuka, hata kuosha mara moja hakutoshi.